Hata Flopi Yangu

Jumatatu, 2 Machi 1998. Same

Niandike jina kabisa, daftari lisije likaokotwa likapewa mwenyewe mwingine: Veneranda, mchapaji wa Bwana Rogers, pale karibu na stendi penye kibao cha huduma za kompyuta. Rogers anauza mashine na kuzitengeneza. Mimi nafanya yaliyobaki, yaani kila kitu.

Leo imeingia faksi kutoka kwa wanaotuletea mashine, Dar. Kurasa mbili za Kiingereza. Inaonya kwamba kuna kirusi kinasafiri ndani ya flopi, kinajificha kwenye mashine bila kufanya lolote, halafu tarehe 15 Mei mashine yoyote itakayowashwa itafutwa kila kilichomo. "Wajulisheni wateja wenu," wameandika, na wamelirudia mwishoni. Rogers ametoa fotokopi nne akazitia kwenye bahasha: moja ya shamba la mkonge kule bondeni, moja ya ofisi ya ushirika Hedaru, moja ya usharika mmoja wa Gonja, moja ya shule kule kwetu Myamba. Kiingereza hichohicho, nukta kwa nukta. Akajinyoosha akasema, "Haya, tumeshawajulisha."

Mvua bado. Joto halilaliki.

Alhamisi, 5 Machi

Umeme saa mbili tu leo. Mgao umerudi.

Jumanne, 10 Machi

Nimetumwa shamba la mkonge kupeleka kibodi mpya. Karani wao, Benedikto, anavua viatu kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, na mgeni naye avue. Mashine ameifunika kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Nimeinua macho ukutani, nikaona faksi yetu ya wiki iliyopita imewekwa kwenye fremu ya kioo, kando ya picha ya harusi yake.

"Hii umeitundika kwa nini, kaka Beni?"

"Si ndiyo cheti cha mashine? Ina nembo."

Nilicheka mpaka nikaona ameumia, nikanyamaza. Kosa si lake. Karatasi ya kumwambia nyumba itaungua ameletewa kwa lugha asiyoijua, angefanya nini zaidi ya kuiheshimu?

Na nyumba yenyewe si ndogo. Shamba linauzwa, kama kila kitu siku hizi. Mnunuzi ameahidi kumtambua kila mfanyakazi na miaka yake ya kazi, ilimradi yumo kwenye orodha. Januari nilikaa wiki tatu katika chumba kile, nimevua viatu, nikiingiza vipande vya kazi, zile kadi za siku za kila mkata mkonge, vilivyoletwa kwenye magunia. Vingine vilikuwa na jasho la miaka thelathini. Majina 412. Magunia yakarudishwa stoo, na Februari mafuriko yakaingia stoo. Vipande vyote sasa ni uji. Kwa hiyo maisha ya watu 412 yamo ndani ya sanduku moja chini ya kitambaa cha maua.

Nje nimemkuta mzee Hamdani, mwenyekiti wa wafanyakazi, Mngoni aliyekuja kukata mkonge mwaka 1971 akasahaulika hukuhuku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jina langu bado limo?"

"Limo, mzee."

"Umeliona leo?"

Ikabidi nirudi, nivue viatu tena, nimwashie. Amelitazama kupitia dirisha, akashukuru, akaondoka.

Jumatano, 18 Machi

Nimemwambia Rogers faksi zile nitazitia Kiswahili. Nilidhani atasema vizuri, fanya. Amenikodolea macho.

"Kompyuta ni ya Kiingereza, Vene. Asiyekijua aiache."

"Ungewaambia hivyo siku ile unawauzia."

"Na wakijua kujilinda wenyewe, mimi na wewe watatuita kufanya nini?"

Kumbe. Miaka mitatu namwona mtu mwerevu, kumbe werevu wenyewe ni huu. Amepiga marufuku karatasi za ofisi na fotokopi kwa kazi hiyo. Sawa. Nina kalamu yangu na saa yangu ya chakula, na njaa sijaanza kuiogopa leo.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua imeanza. Bati la ofisi linavuja juu ya kiti cha Rogers tu. Sijasema kitu.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili. Myamba

Nimepanda nyumbani na rasimu yangu mfukoni. Baada ya kula nimemsomea Mama, ambaye kompyuta ameiona mara moja, shuleni, kwa mbali. Nilitaka sikio la mtu asiyejifanya anajua. Amesikiliza vizuri mpaka pale penye "usiweke kwenye mashine yako flopi iliyotoka kwa mtu usiyemjua."

"Na huyo nisiyemjua atanifikiaje huku?"

"Mama, ndivyo walivyoandika wenyewe."

"Walioandika wanakaa mjini. Huku kila kitu ninacholetewa nakijua kimetoka kwa nani na mama yake ni nani." Akaendelea kuosha sufuria. "Ndivani tunafanyaje? Kabla maji hayajafunguliwa kila mtu anasafisha kipande chake cha mfereji. Mchungaji anasafisha. Mwenyekiti anasafisha. Humwulizi mtu jina kwanza."

Nikamwambia hili si bwawa la kumwagilia migomba, ni kompyuta. Akasema haya, mwenye shule ni wewe. Nimeongeza mboga, nikaiacha sentensi ilivyokuwa.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeichapa tafsiri saa ya chakula. Karatasi nimekatazwa, basi nimenunua flopi nne mwenyewe, nikaitia kila moja, na kuzituma kwa makondakta wa mabasi. Kila bahasha nimeandika: "Fungua usome. Ni mimi Veneranda." Rogers alikuwa amekwenda kunyolewa. Nimejisikia mtu.

Jumatano, 22 Aprili

Majibu. Hedaru wanashukuru. Gonja wanasema mchungaji kaisoma hata kwa wazee wa usharika. Myamba mwalimu mkuu kaichapa kaibandika. Benedikto ameandika kwa mwandiko wa mapambo: "Kuanzia leo flopi za watu baki ni marufuku katika ofisi hii. Yako tumeifungua mara tatu." Nimeibeba barua hiyo begani mchana kutwa, nikimpita Rogers na kurudi.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, 29 Aprili

Faksi ya pili. Inaeleza dalili: mashine yenye kirusi, taa ya mlango wa flopi hubaki inawaka hata kazi ikiisha. Dawa ya kukisafisha itatumwa "wiki ya mwisho ya Mei." Yaani mgonjwa akishazikwa. Mpaka hapo, asiye na dawa anakili mambo yake ya maana kwenye karatasi, na tarehe 15 asiguse mashine.

Nimeisoma nimesimama. Kisha nimegeuka nikaitazama mashine yangu.

Taa inawaka.

Alhamisi, 30 Aprili

Sikulala. Naandika asubuhi, Rogers hajaja.

Taa ile inawaka tangu Februari. Niliiona, nikasema ni uzee wa mashine. Rogers alirudi safari moja ya Arusha na flopi za rafiki yake, nikazifungua, kwa sababu rafiki yake namjua. Na mwezi huu nimechukua flopi nne safi kutoka dukani, nimezipitisha kwenye mashine chafu, nimeziandikia jina langu juu ili watu wasiogope, nikawapelekea. Wamezifungua mara tatu.

Wamefuata tangazo langu sawasawa. Niliwaambia waogope wasiyemjua. Mimi wananijua. Benedikto ananijua, mchungaji alinibariki kipaimara, mwalimu mkuu wa Myamba ni binamu ya baba yangu. Huku kumkagua mtu wako kitu alichokuletea ni kumwambia mwizi. Kwa hiyo onyo likawafungia mlango wageni ambao hawaji, na likaniachia mimi uwazi wote. Mama aliliona kwenye maji ya kuoshea sufuria. Mimi mwenye shule nikaongeza mboga.

Nimelia kidogo, nisijidanganye. Halafu nikakasirika, na hasira imenifaa zaidi. Ningeweza kunyamaza. Tarehe 15 mashine nne zingekufa, kila mtu angesema kirusi, Rogers angeitwa akaonekana mganga, na jina langu lingebaki safi. Majina 412 ya bondeni yangekwenda na maji.

Sinyamazi.

Jumatatu, 4 Mei

Nimeandika tangazo jipya. Nimechukua karatasi za ofisi, nimetumia fotokopi ya ofisi, mbele ya macho ya Rogers. Linasema hivi:

"Kirusi mlicho nacho nimewaletea mimi, Veneranda, kwenye flopi niliyowatumia Aprili. Tazameni taa ya mlango wa flopi: ikibaki inawaka, mmeambukizwa. Nakilini mambo yenu kwenye karatasi sasa. Ijumaa tarehe 15 msiwashe mashine, hata akiwaamuru nani. Na kuanzia sasa kila flopi ikaguliwe kama mfereji wa ndiva unavyosafishwa: ya mgeni, ya mchungaji, ya mama yako mzazi. Hata yangu. Kumkagua ndugu si kumtukana."

Rogers alilisoma akakaa.

"Umeandika jina lako."

"Ndiyo langu."

"Umeandika kirusi kimetoka kwetu. Nani atanunua mashine kwangu tena?"

"Anayetaka kuambiwa ukweli."

Amesema tukimaliza mwezi niende zangu. Nimemwambia mwezi una siku thelathini na moja na zote nitazihitaji. Makondakta wamechukua barua saa nane. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya woga, na nimemwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Mei

Hedaru wamenakili. Gonja wamenakili, na mchungaji amelisoma tangazo Jumatano kwenye ibada ya jioni, na jina langu ndani yake. Myamba wamenakili, Mama ametuma salamu: "Mwambieni nimesikia." Hakuongeza neno, namjua.

Shamba la mkonge kimya. Korongo limekata barabara tangu Jumatatu, na simu yao imekatika pamoja nayo. Wiki moja imebaki.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepata lori la mchanga mpaka korongoni, nikavuka nimekunja sketi, nikatembea saa mbili kwenye matope. Benedikto kanipokea kwa furaha. Akanionyesha mashine yake: taa inawaka. "Tangu ile flopi yako imekuwa na nguvu," akasema.

Nikamweleza yote, na kwamba ni mimi. Alibaki ameshika kitambaa chake cha maua. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: mwakilishi wa mnunuzi, Bwana Asheri, anakuja Ijumaa. Tarehe 15. Anakuja kuiona orodha ndani ya kompyuta na kuisaini. Ametuma amri kwamba hakuna kitu kitakachotolewa ofisini mpaka afike, si karatasi, si flopi. Printa haina utepe tangu Februari.

"Basi mwambie Ijumaa asiwashe."

"Dada Vene, nimwambie bosi asiwashe mashine yake? Nina watoto watano."

Nimemwita mwoga. Nimemwambia ameheshimu fremu kuliko watu. Akavaa viatu, akatoka. Najua nilikuwa najitukana mwenyewe, ila yeye ndiye alikuwa karibu.

Mzee Hamdani alikuwa dirishani amesikia yote. Nilitegemea anilaani. Akauliza, "Jina langu bado limo?"

"Limo mpaka Alhamisi, mzee. Na mpaka hapo mgao umewapa umeme Jumatano tu, mchana, kwa saa mbili. Nikinakili peke yangu sitafika hata nusu."

"Peke yako kwa nini?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nyie Wapare si mna msaragambo? Miaka ishirini na saba pembe ikilia napanda huko juu nachimba mifereji yenu na ndiva zenu, asiyekuja anatozwa mbuzi. Leo ndiva yangu ndiyo ina shida. Nani anayo pembe?"

Anayo Anaeli, Mpare wa kwa Mbaga, fundi wa mashine ya kuchana mkonge.

Jumatano, 13 Mei

Pembe imelia saa saba mchana. Niliiogopa mvua, ikakatika. Wametoka kambi zote, Waha, Wabena, Wamakonde, Wangoni, wanawake na khanga za mvua, kila anayejua kuandika na daftari la mtoto wake au kipande cha mfuko wa saruji. Asiyejua kuandika kaja kushikilia mwamvuli juu ya anayeandika. Zaidi ya mia mbili, wamekaa uwanjani mbele ya dirisha.

Umeme ukaja saa nane. Benedikto alisimama mlangoni. "Sina ruhusa ya kumwingiza mtu," akasema kwa sauti ya ofisi. Kisha akaweka ufunguo juu ya kitambaa cha maua. "Nakwenda msalani. Nina tumbo." Akaenda. Dakika tano baadaye nimemwona uwanjani, kakaa chini kwenye matope na suruali yake ya kazi, kalamu mkononi, mwandiko wa mapambo.

Nilisoma kwenye kioo, mzee Hamdani akapaza dirishani. Kila jina, kijiji alikotoka, mwaka alioingia. Tuligawana kwa makundi, na kila kundi lilinakili mara mbili. Hatukupanga waitike, walianza wenyewe. "Sefu bin Ally, Kasulu, 1968." "Nipo." "Hezroni Mbwambo, Hedaru, 1974." "Nipo." Tulipofika kwa mtu aliyekufa Februari kwenye mafuriko, mkewe Mwanaasha akasema, "Nipo mimi." Hamdani akashindwa kupaza jina lililofuata. Nililipaza mimi.

Jina la Hamdani mwenyewe lilikuwa la 391. Alilipaza kwa sauti ileile, akajiitikia mwenyewe, "Nipo," na watu wakacheka. Jina la mwisho tulimaliza, na dakika kama kumi baadaye umeme ukakatika.

Ijumaa, 15 Mei

Bwana Asheri amefika saa nne, viatu vinang'aa, akaingia navyo chumba cha kompyuta. Mpare mwenzetu, kasoma nje. Nimemwamkia, nimemwambia kwa heshima zote asiwashe mashine leo, na kwa nini. Benedikto, namshukuru Mungu nimeliona kwa macho yangu, akaongeza, "Ni kweli mheshimiwa, mimi mwenyewe nakuomba."

Asheri akauliza habari hizo tumezipata wapi. Nikampa tangazo. Alipoona Kiswahili akalirudisha bila kulimaliza. "Taarifa za kompyuta haziandikwi hivi," akasema, na akabonyeza mwenyewe.

Mashine ikalia, ikaandika mstari mmoja, ikawa kioo cheusi. Alibonyeza tena, mara tatu, nne. Benedikto alishika kitambaa chake cha maua akakiweka juu yake, taratibu.

Nami nilimwona Asheri anavuta pumzi, na sikuipenda ile pumzi. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Basi," akasema, "kumbukumbu hakuna. Tutaanza upya. Kila mtu atahesabiwa kuanzia leo."

Nikafungua mlango. Uwanja ulikuwa umejaa, hawajaja kwa pembe safari hii. Hamdani akaingia na madaftari, akayaweka mezani, yakalala juu ya karatasi zake: ya hesabu, ya sayansi, moja lina picha ya twiga. Majina 412, nakala mbili, kila kundi limesaini chini.

Asheri alifunua kurasa mbili tatu. "Mzee, kampuni inafanya kazi kwa Kiingereza. Hizi ni za Kiswahili. Siwezi kuzipeleka makao makuu."

Nimengoja kusema maneno haya tangu Machi, na sikujua ndiyo haya.

"Majina hayatafsiriwi, Bwana Asheri. Na mwaka ni namba. Kuna neno gani hapo hulijui?"

Alitafuta. Nilimwona anatafuta, jina baada ya jina. Dirishani kulikuwa na nyuso nyingi kuliko hewa. Akatoa kalamu. Alisaini daftari la kwanza, la pili, yote, na Benedikto alikuwa anamfunulia kurasa na kugonga mhuri wa shamba.

Jumatatu, 1 Juni. Same

Mvua zimekwisha. Mwezi nao umekwisha, na nimeripoti kazini saa mbili kama kawaida. Rogers kaniangalia, kaangalia faksi mpya iliyoingia usiku, kurasa tatu za Kiingereza, na watu wanne wamekaa kwenye benchi wanaisubiri kwa Kiswahili. Amenisogezea karatasi za ofisi. Hakuna aliyetaja kuondoka.

Mmoja wa wale wa benchi ni Benedikto. Amekuja kuchukua flopi ya dawa. Mzee Hamdani amemtuma salamu, hakumtuma kuuliza kama jina lake limo. Nimechomoa flopi ya dawa kwenye bahasha ya Dar iliyofungwa, nikamnyooshea.

Hakuipokea. Ameweka mikono nyuma, karani aliyeogopa kukanyaga sakafu na viatu, akaniangalia usoni mbele ya watu wote.

"Samahani dada Vene," akasema. "Ikague kwanza."